Mtoto Atalala kwa Nani

Asubuhi ile Mama Chiriku alitoka nyumbani akiwa amevaa gauni la kwanza aliloligusa kabatini, na ndara za bafuni. Dada yake ndiye aliyemzuia mlangoni.

"Unakwenda ustawi wa jamii na ndara?"

Akatazama miguu yake kama anatazama ya mtu mwingine. Akarudi ndani, akavaa viatu. Asingeambiwa angekwenda hivyo hivyo, na watu wangemcheka, na hata hilo lisingemfika.

"Leo unaongea," dada yake akamwambia walipokuwa wakipanda ngazi za ofisi. "Umenisikia? Leo si siku ya kutikisa kichwa. Wale wanakuja na midomo yao."

"Nimekusikia."

"Umenisikia kweli au unaniitikia tu?"

"Nimekusikia, Dada."

Dada yake alikuwa na duka la mapazia na mashuka. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na hajapata kushindwa maneno na mteja, wala na mwenye nyumba, wala na shemeji. Alikuwa amemshika mkono Chiriku, mwanafunzi wa darasa la kwanza, ambaye baba yake alimpa jina hilo la utani kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hajapumzika.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda na watu mpaka kwenye benchi la kusubiria. Baba Chiriku alikwisha kufika. Alisimama dirishani, mrefu, mabega yameinama kidogo kama mtu aliyezoea kuchungulia kwenye darubini ya kupimia viwanja. Mama yake alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, Mama," Mama Chiriku akamwamkia mkwewe.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Ilikuwa vigumu kujua kama ni pole au ni lawama. Dada akaamua ni lawama, akavuta pumzi ya kujibu, lakini Chiriku akamtangulia.

"Baba! Jino langu linatikisika! Hili hapa, shika. Usilivute lakini! Mwalimu amesema likidondoka nisilimeze. Nimemwonyesha Mama jana."

Mama Chiriku akajaribu kukumbuka jino. Hakulikumbuka.

Baba Chiriku akachuchumaa, akaligusa jino kwa ncha ya kidole. "Hili limeshaaga," akasema. "Linasubiri usafiri tu." Mtoto akaangua kicheko. Juu ya kichwa cha mtoto, mwanamume akainua macho, yakakutana na ya mkewe, yakatulia hapo. Yalikuwa macho yale yale. Zamani yakimtazama hivyo, yeye alikuwa anasahau alichokuwa anasema. Sasa akasubiri moyo umshtuke. Moyo ulidunda kama kawaida, kama saa ya ukutani katika nyumba isiyo na watu.

Walijuana kwa sababu ya miwani. Mama Chiriku ni fundi miwani, anasugua na kukata vioo nyuma ya duka, na mwanamume huyu alikuja siku moja na miwani iliyokanyagwa. Akatengenezewa. Akarudi kesho yake akisema inambana pua. Ikalegezwa. Akarudi tena akisema haimbani tena, na hilo ndilo linamtia wasiwasi. Mwenye duka akacheka mpaka akatoka nje, na jioni ile fundi na mteja wake wakatembea pamoja hadi kituoni, wala hawakupanda gari lolote.

Kilichowatenganisha hakikuwa mwanamke mwingine, ingawa Dada angependa kiwe hicho, kwa maana kingekuwa rahisi kukitukana. Mimba ya pili iliharibika ikiwa kubwa. Mtoto alizaliwa kimya. Baba Chiriku alikuwa porini anapima mashamba mahali ambapo simu haishiki, na alipopata habari na kufika, mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Mkewe hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa afadhali. Alimpakulia chakula, akamtandikia kitanda, akamjibu kila alichoulizwa kwa neno moja. Hakulia siku ile wala siku zilizofuata. Mume akajaribu kila mlango, akakuta yote haijafungwa na ndani hamna mtu. Mwisho akasema anakwenda kwa mama yake wiki moja, apumue kidogo. Wiki ikazaa mwezi, miezi ikafuatana.

"Ingieni wote," sauti iliyoziba ikaita. "Mtoto pia."

Afisa ustawi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua makali. Mezani kwake mafaili yalipishana na karatasi za kufutia pua. Chumba cha pili, kilichotenganishwa kwa mlango wa kioo, kilikuwa na mkeka, vibao vya kuchezea na kijana wa kike aliyekuwa anajifunza kazi. Chiriku akaelekezwa huko, akaenda bila kuaga, na kabla mlango haujafungwa walimsikia anaanza: "Wewe jino lako la kwanza lilidondoka wapi?"

"Mlalamikaji ni nani?" afisa akauliza.

"Mimi," akasema Bibi, mama yake Baba Chiriku.

"Hapa pameandikwa baba wa mtoto."

"Ameandika yeye. Nimelalamika mimi."

Baba Chiriku akatazama sakafu. Afisa akapenga kamasi, akamtazama Bibi kwa macho mekundu. "Haya, Mama. Nakusikiliza."

"Mjukuu wangu alisahauliwa shuleni," Bibi akasema. "Si kuchelewa kuchukuliwa. Kusahauliwa. Jua lilikuwa linazama, yuko na mlinzi getini. Mlinzi ndiye aliyenipigia, kwa sababu mtoto alimtajia namba yangu kwa kichwa. Mama yake nilimkuta kazini anasugua kioo. Nikamwambia, mtoto yuko wapi? Akaniambia, yuko shule. Akaendelea kusugua."

"Mara moja tu!" Dada akadakia. "Mara moja mtu kasahau, ndiyo aletwe hapa kama mwizi? Na huyu baba mtu, yeye amemsahau mara ngapi? Si amehama kabisa?"

"Mwanangu hajamsahau mtoto. Ada analipa, nguo ananunua, kila Jumapili yuko naye."

"Jumapili! Mtoto ni ibada?"

"Jamani," afisa akasema, akapiga chafya. Wote wakasubiri imalizike. "Niwaeleze kitu kabla hamjachoka. Hapa si mahakamani. Mimi simnyang'anyi mtu mtoto, wala simpi mtu. Kazi yangu ni kuwakalisha mkubaliane. Mkikubaliana tunaandika, mahakama inathibitisha, inakuwa amri. Mkishindwa, hakimu ataamua, na mtakuwa mmemwachia mgeni awapangie nyumba yenu."

"Swali," akasema Dada na mkono juu. "Mtoto mdogo hivi si anakaa na mama yake? Ndivyo sheria inavyosema."

"Mara nyingi mdogo huachwa kwa mama, ndiyo. Lakini si kwa sababu mama ni mama. Kinachotazamwa ni mtoto atakuwa salama wapi, atasoma vizuri wapi, nani ana nafasi naye. Mama asipoweza, baba. Baba asipoweza, ndugu."

"Basi bibi," akasema Bibi haraka.

"Wazazi wote wawili wakishindwa, Mama. Hawa wako hai na wana akili zao. Wewe ni msaada, si mlalamikaji."

Dada akatabasamu, akatamani afisa asiishie hapo. "Na mume akinyimwa mtoto, ataacha kutoa matunzo. Nawajua wanaume."

"Hawezi kuacha. Matunzo ni haki ya mtoto, si ada ya kumwona. Na wewe pia huwezi kumfungia baba mlango kwa sababu hajaleta kitu. Hayo ni mambo mawili, kila moja na njia yake. Kukaa na mtoto ni kitu kimoja, kumhudumia ni cha wote."

"Na akiolewa tena?" Bibi akauliza, akimwashiria mkwewe kwa kidevu. "Mjukuu wangu akalelewe na baba wa barabarani?"

Hapo ndipo Mama Chiriku alipogundua kuwa wanamzungumzia yeye. Alikuwa anawasikia kama redio ya jirani. Aolewe tena! Akageuza shingo, akamwona mumewe naye amegeuka, uso umemwiva.

"Mmeachana ninyi?" afisa akawauliza.

"Hapana," akasema mume.

"Mna talaka?"

"Hatuna."

"Sasa mna nini?"

"Wana ujinga," akasema Dada, na kwa mara ya kwanza Bibi akatikisa kichwa kumkubalia.

Afisa akawatoa Dada na Bibi. Walitoka wakibishana nani atangulie mlangoni kwa heshima ya nani. Walipobaki watatu, chumba kikapoa. Afisa akamwelekea Mama Chiriku na kumuuliza bila ukali: "Mama, ile siku ya shule. Ilikuwaje?"

"Sijui."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilijua nina mtoto. Nilijua yuko shule. Nilikuwa nalijua jambo hilo, lakini..." Akatafuta neno, akalikosa. "Halikunisukuma kusimama."

Afisa akaweka kalamu chini. Hakuandika kitu. "Ngoja nikaongee na mwenyewe," akasema. "Mtoto anasikilizwa. Haamui, maana si haki kumbebesha mzigo huo. Ila anasikilizwa." Akachukua karatasi zake za pua, akaingia chumba cha kioo.

Wakabaki wawili. Kwa miezi yote ile walikuwa wanapokezana mtoto getini, huku Dada au Bibi kasimama katikati kama mwamuzi wa mpira. Sasa katikati yao kulikuwa na kiti kitupu tu.

"Mkono wa miwani umelegea," akasema Mama Chiriku.

"Najua."

"Umefunga na uzi."

"Nilienda duka moja mjini. Yule fundi akanyoosha mkono aichukue, nikashindwa kumpa. Nikasema nimekosea mlango." Akacheka kidogo, bila sauti. "Mtu mzima."

Mkewe akafungua mkoba wake, akatoa bisibisi ndogo ambayo fundi miwani hatembei bila nayo. Akanyoosha kiganja. Mume akavua miwani, akamwekea, na vidole vyake vikachelewa kuondoka kidogo kuliko inavyohitajika. Bila miwani, uso wake ulikuwa uchi, na chini ya macho kulikuwa na vivuli ambavyo mkewe hakuwa ameviona. Akakata uzi kwa meno. Akakaza parafujo. Mikono yake ilifanya kazi vizuri. Mikono haikuwa na shida kamwe.

"Nilisaini ile karatasi ya malalamiko kwa woga," mume akasema, akiutazama ukungu ambao kwake ndio ulikuwa mke wake. "Si kwa hasira. Nataka ujue. Mama aliponieleza habari za shule, nilijiona niko porini tena. Simu haishiki. Jambo linatokea, mimi sipo."

"Ulikuwa kazini."

"Usinitetee. Nitukane."

"Sina."

"Huna nini?"

"Tusi. Nikitafuta sioni."

Akamrudishia miwani. Akaivaa, na mkewe akaona jinsi macho yalivyompata tena, yakamshika. Walikaa hivyo. Nyuma ya kioo Chiriku alikuwa anamsimulia afisa jambo kwa mikono yote miwili.

"Nikuulize kitu," akasema Mama Chiriku. Sauti ilikuwa tambarare, kama anauliza njia. "Alifanana na nani?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Si wewe ndiye..."

"Mimi sikumwona. Mama yako alimwosha, akamfunika. Akasema nisimtazame, nitabaki naye machoni. Nilikuwa sina nguvu za kubisha. Nikajua wewe ukifika utamwona, nitakuuliza."

"Nilikuta kaburi," mume akasema. "Nilikuwa nasubiri wewe uniambie."

Kumbe miezi yote ile kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake akidhani ndiye mwenye kile kilichokosekana. Kila mmoja alimwona mwenzake ni mchoyo. Mume akaweka mkono juu ya mkono wa mkewe, juu ya meza ya serikali yenye madoa ya wino. Mkewe akauona mkono ule. Akaujua uzito wake, joto lake, kovu la panga kwenye kidole gumba. Hakuuondoa. Hakuushika.

Mlango wa kioo ukafunguliwa, mikono ikaachana kama ya vijana waliofumaniwa.

"Mtoto wenu ana maneno," afisa akasema akikaa. "Ameniambia mpaka rangi ya paka wa mlinzi. Nimemuuliza nyumba zote mbili zikoje. Kwa bibi anapapenda, ila bibi anakoroma. Kwa mama ndiko kwake, kuna kitanda chake." Akasita. "Nikuambie, Mama? Si shtaka."

"Niambie."

"Anasema kwa mama inabidi aseme kitu mara nyingi ndipo kisikike. Anasema hachoki, kwa sababu anajua mama masikio yake yanaumwa. Ila anaogopa siku akiwa na jambo kubwa la haraka."

Mume akainamisha kichwa. Mama Chiriku alikaa wima. Alijua kwamba mahali fulani ndani yake maneno hayo yameingia na kukata. Aliona kukatwa, kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi anavyomwona daktari akipasua mguu wake. Maumivu yangekuja baadaye. Kwa sasa alikuwa na akili tu, na akili ilikuwa nyeupe na safi.

"Akae kwa baba yake," akasema.

"Nini?" akasema mume.

"Mpaka shule zifungwe. Wewe sasa una kazi ya ofisini, uko mjini, unarudi mapema. Mama yuko nyumbani. Mimi nitakwenda hospitali, wanitazame hii hali. Nikiwa sawa tutakaa hapa tena, tupange upya." Akamgeukia afisa. "Inawezekana kuandika hivyo? Kwamba si kwamba nimemwacha?"

"Inawezekana," afisa akasema, na safari hii alifuta pua pasipo kupiga chafya. "Tunaandika mtoto atakaa na baba kwa muda, kwa makubaliano, na mama atakuwa naye mwisho wa wiki. Haki zako zote za uzazi ziko pale pale. Shule, matibabu, kusafiri, hawezi kuamua bila wewe. Na ukisema uko tayari kumrudisha, faili linafunguliwa upya. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mimi sikuja kumchukua," mume akasema. "Mke wangu, sikuja kumchukua. Nilikuja... nilitaka mtu atulazimishe kukaa chumba kimoja." Akavua miwani tena, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Nirudi mimi basi. Nirudi nyumbani, mtoto abaki kwake, yaishe."

Hayo ndiyo maneno ambayo miezi michache nyuma Mama Chiriku angeyakimbilia pekupeku. Akayasikiliza kwa makini, kama mtu anayepima kioo kwenye mwanga.

"Ukirudi leo utakuwa umerudi kwa kunionea huruma," akasema. "Na mimi nitakupakulia chakula na kukutandikia kitanda. Kama wakati ule. Utaondoka tena."

Mume akarudisha miwani machoni. Alikuwa anamjua mkewe.

Nje kwenye benchi, Dada aliposikia, alisimama akakaa, akasimama tena. "Umempa? Kwa mdomo wako? Nimefunga duka, nimepanda ngazi na goti hili bovu, nimekupigania kama wakili wa kulipwa, halafu wewe mwenyewe unampa?"

"Dada, mtoto anaogopa akiniita sitasikia."

Dada akageukia ukuta, akaanza kuusoma waraka wa chanjo uliobandikwa pale, mabega yakitikisika.

Bibi alikuwa ameshinda. Alikaa na ushindi wake mapajani pamoja na mkoba, na haukumpendeza kama alivyotarajia. Akasogea kwenye benchi mpaka akagusana na mkwewe. Alikuwa mwanamke aliyezoea kuwaambia watu cha kufanya, na sasa alikuwa anatafuta jinsi ya kusema jambo ambalo si amri.

"Mwanangu ameniambia sasa hivi," akasema chini chini. "Kwamba hakuna kati yenu aliyemwona."

Mama Chiriku hakugeuka.

"Mimi niliona nakusaidia. Nilifanyiwa hivyo na mama mkwe wangu, na mimi nikadhani ndivyo inavyofanywa. Wa kwangu sikumwona hata leo, na mimi ni mzee." Akainua kidole kwenye paji lake. "Alikuwa na nywele nyingi. Nyeusi, zimelala kwenye paji la uso hapa. Mdomo wako. Na kidole cha mguu, hiki cha pili, kimepanda juu ya mwenzake. Kama cha baba yake."

Chini, katika duka la rangi, mtu alikuwa anatikisa kopo.

"Mguu gani?" akauliza Mama Chiriku.

"Wa kushoto."

"Wa kushoto," akarudia. Akaangalia mguu wake mwenyewe wa kushoto ndani ya kiatu. Jicho moja likamlowa, moja tu, na tone likashuka mpaka kwenye kidevu bila uso kubadilika. Bibi akalifuta kwa upande wa mkono, haraka haraka, kama anavyomfuta Chiriku uji.

Alasiri Mama Chiriku alipanga nguo za mtoto. Sare, sweta, nguo za kulalia. Chiriku alikaa juu ya kitanda akisimamia kazi.

"Mama, unaniazima kwa Baba?"

"Unakwenda kukaa na Baba kidogo. Ijumaa nakufuata shuleni mwenyewe, unalala hapa."

"Na ukisahau?"

Mikono ikasimama juu ya sweta. "Nimemwambia mwalimu, na mlinzi, na Mama Mkubwa, wote wanipigie. Hata kama nimekumbuka, wanipigie."

Chiriku akatafakari, akaona ni mpango mzuri. "Na masikio yako?"

"Nakwenda kuyatibu."

"Wanachoma sindano?"

"Sijui. Nafikiri ni kuongea tu."

"Hiyo rahisi," Chiriku akasema kwa huruma. "Nitakufundisha."

Mumewe alikuja na gari la ofisi, lenye vumbi la viwanja na miti ya kupimia imefungwa juu. Akapakia begi. Akampakia mtoto, akamfunga mkanda. Dada alikuwa jikoni akigonganisha sufuria ambazo hazikuwa chafu. Mtoto akapunga mkono dirishani huku tayari anamweleza baba yake jambo la njiani, na Mama Chiriku akasimama kwenye ngazi ya mlango, mikono imelala ubavuni, akitazama kiti cha nyuma jinsi kilivyojaa.

Baba Chiriku akazunguka gari, akashika mlango wa dereva. Hakuufungua. Akarudi hatua kadhaa, akasimama chini ya ngazi. Kwa kuwa mkewe alikuwa juu yake, walikuwa sawa kimo, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwao.

"Jumapili jioni nitakuja kumchukua," akasema.

"Sawa."

"Nilikuwa nauliza..." Akazitazama funguo mkononi. "Nishuke, au nipige honi tu, atoke?"

Lilikuwa swali dogo. Mama Chiriku alilitafutia jibu mahali ambapo majibu yalikuwa yanakaa zamani. Akakuta giza. Akaendelea kutafuta. Mume alisubiri, hakumharakisha, hakumsaidia neno. Ndani ya gari Chiriku aliimba kitu, akakiacha, akaanza kingine. Mtu alipita barabarani, akawasalimu, akaona nyuso zao, akaongeza mwendo.

"Ushuke," akasema mwishowe.

Mume akainua macho.

"Unywe chai. Halafu uende."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu aliyepewa maelekezo marefu na anaogopa kuyasahau. Akaingia kwenye gari, akawasha, gari likamzimikia, akawasha tena. Mama Chiriku alisimama pale pale mpaka vumbi likatua. Ndipo akaingia ndani, akamwambia dada yake aache sufuria, wakae.